Mwaka Nilioogopa Mswaki

Ilianza msimu wa maembe. Tabora maembe yakiiva hakuna anayekula moja, na mimi magego yangu yameachana, kwa hiyo nyuzi za embe hunasa humo kila mwaka na kila mwaka nazitoa kwa uzi wa kushonea. Siku hiyo nilikaa uani baada ya chakula cha mchana, nikakata uzi mweupe, nikaupitisha kati ya magego. Ukatoka mwekundu. Nikakata mwingine, nikaupitisha upande wa pili, nao ukatoka mwekundu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, sijawahi kulazwa ila kwa uzazi, na papo hapo nikajua kwamba nakufa.

Mwingine angesukutua akaendelea na maembe yake. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Dada yangu Zuhura alianza hivyo hivyo, damu kidogo kwenye mswaki, akacheka akasema mswaki wenyewe ndio mgumu. Tulipofika naye Mwanza tukaambiwa ni saratani ya damu, na baada ya miezi saba tulimzika. Aliacha binti mmoja, Salma, wa miaka kumi na mmoja. Nikamchukua. Sasa ni msichana wa miaka kumi na tisa, ananiita mama mdogo, na tunauza asali pamoja katika duka langu hapa Gongoni.

Naandika haya mabaya yakiwa yamepita, kwa ajili yako wewe unayetema mate kisha ukayakodolea macho. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nitakueleza tu jinsi nilivyojiharibu kwa woga, ili wewe usinifuate huko.

Jambo la kwanza nililofanya ni kunyamaza. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kuamka, nikaenda kupiga mswaki nyuma ya choo, nikatema kwenye mchanga na kufukia kwa mguu. Nikiwa bafuni nilikagua miguu yangu kutafuta alama za damu iliyovilia chini ya ngozi, maana Zuhura alikuwa nazo. Kazi yangu ni kubeba ndoo za asali, na ndoo hazina huruma na mapaja, kwa hiyo kila siku nilikuta alama mpya na kila siku roho ilinipasuka. Nikichoka, nilijiambia ndiyo hiyo. Kanga ikilegea kiunoni, nilijiambia ndiyo hiyo. Hata usingizi ukinipata vizuri nilijiambia ni udhaifu.

Jambo la pili lilikuwa asali, na hapa niruhusu nijitetee kidogo. Sisi wa Tabora tumelelewa na asali. Mtoto akiungua kwa uji, asali. Koo likiwasha, asali. Kidonda kikigoma kufunga, kuna mtu atakwambia ukipake asali, na mara nyingi mtu huyo ni mimi, kwani ndiyo ninayouza. Nikachagua asali nyeusi ya msituni, ile nzito inayoletwa na warina ikiwa bado na masega, nikawa naipaka kwenye fizi kwa kidole asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Nalala nayo kinywani. Na kwa kuwa mswaki ndio uliokuwa ukitoa damu, nikauacha. Akili yangu iliniambia kidonda hakisuguliwi. Nilisukutua kwa maji tu, tena kwa upole, kama ninayeosha yai.

Wiki mbili damu ilipungua, nami nikajipongeza. Kisha fizi zikaanza kuvimba. Zikageuka rangi, zikawa za zambarau na laini kama ini, na sasa damu haikungoja mswaki wala uzi. Ilikuja yenyewe nikiuma mkate. Jino moja la mbele, la chini, likaanza kucheza. Ulimi wangu haukuacha kulisukuma hata nilipoukataza. Halafu ikaja harufu.

Sijui kama kuna aibu inayofanana na hiyo. Mume wangu, Baba Idrisa, ni fundi seremala, mtu wa maneno machache na mcheshi akitaka. Tumekaa naye miaka ishirini na tatu. Akaanza kuongea nami akitazama mlango. Mimi nami nikaanza kujibu huku nimeziba mdomo kwa ncha ya kanga, kisha nikaacha kujibu kabisa isipokuwa kwa kichwa. Nilikuwa nasingizia kuwa na kazi wakati wa chakula ili nile peke yangu, polepole, upande wa kulia. Wateja walioniamkia niliwajibu nikiwa nimeinamia ndoo. Mwanangu Idrisa, aliyeko Dodoma, alikuwa akipiga simu anauliza mbona baba anasema mama amenuna. Namjibu sijanuna, ni jua.

Mvua zikiwa katikati, Ramadhani ikaingia, na nitasema jambo ambalo sijivunii. Ramadhani ilinisitiri. Mwezi huo vinywa vyote vina harufu ya swaumu, na hakuna anayemshangaa mtu asiyepiga mswaki mchana, na mtu akikaa kimya anaonekana mcha Mungu. Nilikuwa natema mate kila mara nikiogopa kumeza damu nikaharibu funga, na wenzangu wakaniona mwangalifu sana. Jirani mmoja alimwambia Salma, "Mama yako mdogo mwaka huu amefunga kwelikweli." Niliyasikia hayo nikiwa jikoni. Nilikaa chini nikalia, maana nilikuwa nimefunga nikimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana, anieleze nina nini, na asinieleze.

Idi ikaniondolea pazia. Tulikuwa uani, tumevaa, wageni wa asubuhi wamekwisha kuondoka, Salma akaleta mapera kwenye sinia. Nikajisahau. Nikaliuma pera kama mtu mzima wa afya.

"Mama mdogo," Salma akasema, "umejiuma?"

"Nimejiuma."

Akalichukua pera mkononi mwangu, akaligeuza. Ndani lilikuwa jeupe, na damu ilikuwa imekaa pale meno ya juu yalipopita na pale meno ya chini yalipopita.

"Umejiuma juu na chini?"

Akaliweka pera kwenye sinia taratibu, akaingia ndani. Siku mbili hakula na sisi. Siku ya tatu alikuja dukani, akafunga nusu ya mlango ili wateja wasiingie, akasimama mbele yangu. Sura yake ni ya Zuhura mtupu, na siku ile ilinitisha kuiona.

"Mimi nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga," alisema. "Mama alipougua mlikuwa mnaniambia ana malaria. Nilikuwa nampelekea machungwa, nikimwambia mama kunywa dawa ya malaria utapona. Hata siku mnampeleka Mwanza mliniambia malaria. Nilijua msibani, kwa watu wa nje."

"Hatukutaka uumie, mwanangu."

"Niliumia. Tena niliumia peke yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kama ni ile ya mama, nataka nijue leo. Ukinificha na wewe, nitaondoka humu ndani. Sijui nitakwenda wapi, lakini nitaondoka."

Kulikuwa na jambo ambalo Salma hakulijua, na lilikuwa linanikereketa. Hatukumficha yeye tu. Zuhura mwenyewe tulimficha. Madaktari walituambia sisi ndugu, na sisi tukakubaliana asiambiwe. Alikufa akiniuliza mbona malaria hii haishi. Kwa hiyo nilipokuwa nikiikwepa hospitali, sikuwa naogopa kuambiwa tu. Niliogopa pia kwamba nikiwa nayo hawataniambia.

Ijumaa tukaenda, mimi na Salma. Baba Idrisa alituuliza tunakwenda wapi, Salma akamjibu kabla sijatunga, "Kwa daktari wa meno, baba. Fizi zinamtoka damu tangu maembe." Mume wangu alinitazama, kisha akarudi kwenye randa yake. Nikadhani amekasirika.

Kwenye benchi la kungojea kulikuwa na mama aliyejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na mzee mfugaji aliyetoka Ziba, shavu limemuumuka. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba kwa nusu ya mdomo. Tuliusikia mlio wa mashine ukipita mlangoni, na kila ulipolia sote tulitazama chini. Yule mzee alipoitwa, alisema, "Pita wewe mama, mimi bado najiandaa." Yule mama akapita. Walipoita tena, mzee akanigeukia mimi, "Basi pita wewe." Nikamwambia, "Hapana mzee, wewe umetoka mbali." Tukabishana kwa heshima namna hiyo mpaka Salma akanishika kiwiko akanisimamisha. Mzee alicheka kwa uchungu, akiwa ameshika shavu, na mimi nikacheka kidogo nimeziba mdomo. Ndicho kicheko changu cha kwanza cha mwezi ule.

Daktari alikuwa kijana aliyempita Idrisa wangu kwa miaka michache tu. Aliniamkia, akaniweka kwenye kiti, akawasha taa. Hakurudi nyuma nilipofungua mdomo. Sitalisahau hilo, maana nilikuwa nimemkazia macho nikisubiri arudi nyuma. Akachukua chuma chembamba, akawa anakiingiza kidogo pembeni ya kila jino na kumtajia nesi tarakimu. Nne. Tano. Tano. Saba. Nesi anaandika. Mimi nikiwa chali na taa machoni nilijua anataja miezi. Alipofika saba machozi yakaanza kunitiririka masikioni, kwa sababu Zuhura alikaa miezi saba.

"Nakuumiza, mama?"

Nikatikisa kichwa. Salma ndiye aliyemweleza habari za Zuhura, zote, kwa mpangilio kama aliyezikariri. Daktari akaweka chuma chake chini.

"Ninachokiona hapa ni kina cha fizi kuachia meno," alisema. "Nahesabu milimita. Sidhani kama ni ugonjwa wa dada yako. Lakini mimi kudhani hakutakupa usingizi, kwa hiyo tupime damu na mtaalamu aiangalie. Majibu Jumatatu."

Jumamosi ilikuwa siku ndefu. Nilimwita Salma chumbani nikamwonyesha hereni za mama yake zilipo, na vitabu vya duka, na majina ya warina wanaoleta asali isiyochanganywa maji. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema, "Nimeshajua hayo yote, mama mdogo. Njoo ule." Nikanywa uji. Jumapili asubuhi Baba Idrisa alinikuta naosha ndoo, akachukua ndoo moja na yeye akaanza kuosha, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu anioe.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema, akiitazama ndoo.

"Nani kakwambia?"

"Hukuwa unaongea na mimi. Mtu amekaa miezi mitatu anaziba mdomo mumewe akiingia. Nikasema basi, amenichoka, nimpe nafasi. Ndiyo maana nilikuwa naangalia pembeni, nisikuudhi."

"Nilidhani unakimbia harufu."

"Harufu ipo," akasema. "Lakini mimi nanusa vanishi siku nzima, pua yenyewe iko wapi?"

Tulimaliza ndoo zote. Nilikuwa bado naogopa, ila sasa tulikuwa watatu tunaoogopa, na nilishangaa kuona kwamba hofu inapungua ukiigawa.

Jumatatu daktari alituita wote wawili. Karatasi ilikuwa mezani mbele yake.

"Damu yako ni nzima, mama. Hakuna saratani humu."

Ungetegemea nishukuru. Mimi nilimtazama yeye, kisha nikamtazama Salma, nikatafuta usoni mwao ile sura tuliyokuwa nayo sisi tulipomwambia Zuhura ni malaria. Naijua sura hiyo. Nimeivaa.

"Mmepanga," nikasema. "Mmekubaliana nisiambiwe."

Daktari akababaika. Salma hakubabaika. Alichukua karatasi, akaniwekea mapajani, akaanza kunisomea mstari mmoja mmoja, kidole chake kikipita, na kila mstari akamuuliza daktari maana yake nami nikisikia. Ilichukua muda na watu walikuwa nje wanangoja. Alipofika mwisho akasema, "Mimi siwezi kukudanganya kwenye hili, mama mdogo. Siku ya msiba wa mama nilijiapia." Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa ajili yangu kwa dakika moja hivi, na kwa ajili ya Zuhura muda wote uliobaki.

"Sasa fizi," daktari akasema tulipotulia. "Fizi ndizo zinaumwa kweli. Ulikuwa unazitia nini?"

Nikasema asali. Nesi, mama wa Kizaramo na kwa hiyo mtani wetu Wanyamwezi, aliyekuwa ananipa pamba ya kufutia machozi, akaweka kopo chini. "Eti asali. Mtani, na mswaki?"

"Niliuacha."

"Wanyamwezi bwana. Mnawalisha wadudu asali bora ya nchi hii, halafu mnawaondolea ufagio. Wangehama vipi?"

Daktari alijizuia kucheka, mimi sikuweza. Alinieleza kwa ufupi. Uchafu ulikuwa umeganda kwenye mizizi, chini ya fizi, na damu ilikuwa ni fizi kulalamika. Pale panapotoa damu ndipo pa kusafisha, kwa mswaki laini, na uzi kila siku. Nilifanya kinyume kwa miezi mitatu, na mfupa ulioliwa haurudi. Meno mawili ya mbele, ya chini, hayawezi kuokolewa.

Nilisafishwa mara nne, robo ya kinywa kila mara. Robo ya kwanza mvua zilikuwa bado zinanyesha na nilirudi nyumbani nimevaa viatu vya tope na ganzi shavuni, Baba Idrisa akaniuliza kitu nikajimwagia chai kifuani badala ya kumjibu. Robo ya pili niling'olewa yale mawili. Robo ya tatu mahindi ya Itetemia yalikuwa yamekauka mashambani, na ya nne vumbi lilikuwa limeanza. Usidhani woga uliisha na karatasi ile. Wiki ya kwanza ya mswaki mpya nilitoka damu kuliko siku zote. Nilisimama pale nikisema wamekosea, wamechanganya chupa yangu na ya mtu mwingine. Salma alikuwa akisimama kando yangu kila asubuhi na mswaki wake, anapiga wa kwake. Nilikuwa naona haya kuacha yeye akiendelea. Siku ya kumi na moja uzi ulitoka na rangi ya waridi tu. Wiki ya tano ulitoka mweupe.

Nimebadilika. Fizi zimenywea na meno yaliyobaki yanaonekana marefu, na neno lenye "s" linapiga mluzi kwenye pengo. Siogopi tena kumwamkia mteja uso kwa uso. Asali naiuza bado, na mtu akiniuliza dawa ya fizi namwambia hapana, nenda ukapimwe, na usiache mswaki. Wengine wananiona nimekuwa mfanyabiashara mbaya. Kama umeogopa, mwambie mtu mmoja leo. Usimchague atakayekwambia si kitu. Mchague atakayekwenda na wewe.

Hayo ni rahisi kuyasema. Nilipimwa upya msimu huu wa kurina asali, na si kwa mashine. Asubuhi moja nikiwa uani nachuja asali, Salma aliniita kwenye bomba. Alikuwa ameshika mswaki, mdomo umejaa povu. Akaniangalia, akainama, akatema kwenye sinki mbele yangu, hakulifungulia maji. Povu lilikuwa na damu.

Daktari baadaye alisema Salma alikuwa anasugua kwa nguvu kama anayesugua sufuria, kwa sababu ya hofu, na kwamba hana ugonjwa wowote. Lakini asubuhi ile hatukuyajua hayo. Nilimwona Zuhura amesimama pale na mswaki mkononi. Maneno yote ya kumtuliza yalinijia mdomoni, yote, kwa mpangilio: si kitu, mswaki wenyewe ndio mgumu, kanywe chai.

"Unaonaje, mama mdogo?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia. "Naogopa."

"Na mimi," akasema, akaniegemea begani, na asali ikiwa mikononi mwangu nikamshika hivyo hivyo.